Ni Kiumbe au Ni Mkono Wangu? Niliyojifunza Nikisimamia Maabara ya Biolojia ya Wanaoanza

Mchoro wa kwanza ambao mwanafunzi wa biolojia huuleta mezani kwangu, akiwa na furaha ya mtu aliyeona seli kwa mara ya kwanza, mara nyingi ni mchoro wa kiputo cha hewa. Ni duara kamili lenye ukingo mnene mweusi na katikati nyeupe isiyo na kitu, na pembeni yake limeandikwa kwa penseli neno "seli". Katika miaka ya kuandaa na kusimamia mazoezi ya vitendo kwa wanaoanza somo hili nimeiona michoro ya aina hiyo mingi kiasi kwamba nimeacha kuihesabu kuwa uzembe, kwa sababu mwanafunzi huyo amechora kwa uaminifu kile alichokiona. Alichokosa ni njia ya kujua kama alichokiona ni cha kiumbe au kimetokana na namna alivyokiandaa kielelezo chake. Kadiri ninavyoendelea na kazi hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba karibu mbinu zote za awali za maabara, kuanzia kufunika slaidi hadi kupima ufyonzwaji wa mwanga, zimebuniwa ili kujibu swali hilo moja.

Tuanze na kitunguu, ambacho ndicho mlango wa somo la seli karibu kila mahali. Upande wa ndani wa kila tabaka nene la kitunguu kuna ngozi nyembamba inayong'aa, ambayo hubanduka kwa urahisi kwa kibanio iwapo tabaka limevunjwa kwa mkono badala ya kukatwa kwa kisu. Ngozi hiyo ina safu moja tu ya seli, kwa hiyo mwanga hupenya bila shida. Kipande chenye upana wa nusu sentimita kinatosha kabisa, lakini wanafunzi hupenda kuweka kikubwa, nacho hujikunja, na pale kilipojikunja seli hupandana na kuonyesha kuta zinazokatizana ambazo hazipo katika kitunguu chochote. Kipande kinapaswa kulazwa ndani ya tone la maji lililokwisha kuwekwa kwenye slaidi, kisha kifuniko cha kioo kiegemezwe kwa ukingo wake mmoja penye maji, kwa pembe ya takriban digrii 45, na kuteremshwa polepole kwa ncha ya sindano ili maji yatangulie na hewa isukumwe nje upande wa pili. Anayekidondosha kifuniko kutoka juu huwa amejitengenezea viputo mwenyewe, na atavichora.

Iodini huongezwa bila kukiondoa kifuniko. Tone lake huwekwa kwenye ukingo mmoja, na kipande cha karatasi ya kuchujia hugusishwa ukingo wa pili, ili karatasi inapoyanyonya maji iivute rangi ipite chini ya kioo. Ninawaomba wanafunzi wasiondoe jicho kwenye lenzi wakati huo, kwa sababu ndipo huona jambo ambalo picha ya kitabuni haiwezi kuwaonyesha: mpaka wa rangi ya kahawia ukisogea kutoka seli hadi seli, na viini ambavyo havikuonekana vikijitokeza kimoja baada ya kingine, vingi vikiwa vimesukumwa ukutani na vakuoli, yaani mfuko mkubwa wa maji ulio ndani ya seli, badala ya kukaa katikati kama mchoro wa kukariri unavyodai. Mwanafunzi aliyeiona seli ileile kabla ya rangi na baada ya rangi anaweza kusema ni kipi rangi imekifichua na ni kipi imekileta yenyewe, kama vile chembe za iodini zilizoganda pembeni ambazo mwenzake aliyeanza na slaidi iliyokwisha kutiwa rangi ataziita sehemu za seli. Kuhusu kiputo, dawa yake ni ncha ya sindano: ukikigusa kifuniko taratibu, kiputo hubadilika umbo au hukimbia, ilhali kuta za seli husogea zote pamoja au hazisogei kabisa.

Mwanga ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Chini ya jukwaa la hadubini kuna kiwambo cha kupunguzia mwanga, na wanafunzi wengi hukiacha wazi kabisa, wakapata uwanja mweupe usioonyesha kitu. Wakielekezwa wakifunge, hukifunga mno, na kila chembe huvaa pete nyeusi na nyeupe inayofanana sana na utando. Pete hizo ni tabia ya mwanga wenyewe unapopita katika tundu dogo. Kiwambo kikifungwa, utofauti wa weusi na weupe huongezeka lakini uwezo wa kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu hupungua, kwa hiyo kila kielelezo kina mahali pake pa kati, na mahali hapo hutafutwa kwa kidole huku jicho likitazama. Mwanafizikia Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba uwezo huo una kikomo kinachotokana na urefu wa wimbi la mwanga, kikomo ambacho kwa hadubini ya kawaida yenye lenzi ya mafuta ni takriban maikromita 0.2 (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Ndiyo maana sishangilii mwanafunzi anapokimbilia lenzi kubwa. Lenzi ya mara 4 ndiyo ya kuanzia siku zote, halafu ya mara 10, kisha ya mara 40, na kuanzia hapo skrubu kubwa haiguswi tena, maana lenzi ndefu hukaribia kioo kiasi kwamba nusu mzunguko wa skrubu hiyo unatosha kukipasua.

Kuna jambo jingine la hadubini ambalo hunipa raha kila mwaka. Mwanafunzi hutazama tone lenye chembechembe, huziona zikitetemeka bila kukoma, na huinua kichwa kutangaza kwamba zi hai. Mtaalamu wa mimea Robert Brown alikabiliwa na jambo hilohilo mwaka 1827 alipotazama chembe zilizotoka katika chavua ya mmea wa Clarkia pulchella, naye pia alikuwa na sababu ya kudhani kwamba mtetemo huo ni wa uhai. Hakuishia hapo. Alizijaribu chavua za mimea iliyokufa zamani, akaona mtetemo uleule. Akasaga vioo na mawe, hata kipande cha Sphinx ya Misri, na unga huo nao ukatetemeka majini. Baada ya hapo hoja ya uhai haikuwa na pa kusimama, ingawa sababu yenyewe, yaani kugongwagongwa na molekuli za maji, ilisubiri maelezo ya Albert Einstein mwaka 1905. Huwa ninamsimulia mwanafunzi kisa hicho kisha ninampa unga wa chaki au wino uliochanganywa na maji, arudi kwenye hadubini yake aamue mwenyewe. Sijapata mfano bora zaidi wa jaribio la kulinganishia, kwa sababu Brown hakuwa na mtu wa kumwamuru alifanye.

Vipimo vya ukubwa nitavigusa kwa ufupi. Lenzi nyingi za jicho zimechorwa namba ya uwanja, kwa mfano 18, na namba hiyo ikigawanywa kwa nguvu ya lenzi iliyo juu ya kielelezo hutoa kipenyo cha uwanja kwa milimita: milimita 4.5 kwa lenzi ya mara 4, milimita 0.45 kwa lenzi ya mara 40. Seli nane zikijipanga kutoka ukingo hadi ukingo kwa lenzi ya mara 40, kila moja ina maikromita 56 hivi, hesabu ambayo seli za ndani ya shavu huikaribia. Mwanafunzi anayefanya hesabu hiyo kabla ya kuchora hawezi tena kukiita seli kitu chenye upana wa milimita moja.

Sehemu ambayo baadhi ya wenzangu huniona ninapoteza muda ni ile ya pipeti za maikrolita, yaani vifaa vya kufyonzea na kumiminia viasi vidogo sana vya kimiminika. Kifaa hiki, ambacho Heinrich Schnitger alikibuni Marburg, Ujerumani, katika miaka ya 1950, wakati ambapo kuvuta vimiminika kwa mdomo kupitia bomba la kioo kulikuwa desturi ya maabara, kina kitufe chenye vituo viwili, na karibu matatizo yote ya mwanafunzi yamo kati ya vituo hivyo. Wakati wa kufyonza, kitufe hubonyezwa hadi kituo cha kwanza kabla ncha haijaingia katika kimiminika, ncha huzamishwa milimita chache tu, kidole gumba huachia polepole, na mtu hungoja kidogo kabla ya kuitoa. Wakati wa kumimina, ncha hugusishwa ukuta wa neli, kitufe hupelekwa hadi kituo cha kwanza, halafu hadi cha pili ili tone la mwisho litoke. Anayefyonza akianzia kituo cha pili huchukua zaidi ya alichokusudia, na kwa kuwa ncha inajaa vizuri na kimiminika kinatoka vizuri, hakuna kinachomwonya.

Kwa hiyo katika kipindi cha kwanza hatugusi kiumbe chochote. Tunapima maji kwa mizani. Maikrolita 1000 za maji, yaani mililita moja, katika nyuzi joto 20 za Selsiasi zina gramu 0.998, na mizani ya maabara huonyesha tofauti ndogo kuliko jicho linavyoweza kuhisi. Mwanafunzi humimina mara kadhaa, huandika kila uzito, kisha tunatazama orodha yake pamoja. Akipata 0.951, 0.952 na 0.950, mkono wake ni thabiti lakini kuna kitu kinachopunguza kila mara, pengine pipeti yenyewe, pengine ncha isiyokaa sawasawa. Akipata 0.93, 1.04 na 0.98, wastani wake unaweza kuwa mzuri kuliko wa mwenzake, na hata hivyo ndiye ninayemrudisha mezani. Tofauti kati ya hali hizi mbili ndiyo ninayotaka aondoke nayo, kwa sababu ya kwanza hurekebishika kwa hesabu au kwa fundi, na ya pili hurekebishika kwa kidole gumba peke yake.

Faida ya kipindi hicho huonekana wiki kadhaa baadaye, tunapopunguza ukolezi wa bakteria hatua kwa hatua. Mililita moja ya mchanganyiko huingizwa katika mililita 9 za maji safi yaliyotakaswa, kisha mililita moja ya huo hupelekwa katika neli inayofuata, na baada ya hatua sita ukolezi umepungua mara milioni moja. Mkono unaopeleka mililita 0.95 badala ya moja huonekana hauna neno, lakini upungufu huo hurudiwa katika kila neli, na mwishoni hesabu ya bakteria huwa pungufu kwa karibu robo. Ncha isiyobadilishwa kati ya neli na neli hufanya kinyume chake, kwani hubeba bakteria wa ukolezi mkubwa na kuwapeleka kwenye mdogo. Ndipo wanafunzi hushangaa kwamba sahani mbili za kundi moja zimetofautiana sana, na mara nyingi hutaka kujua ni ipi iliyo sahihi kabla ya kuuliza ni nani aliyezimimina.

Kwa bakteria, swali la kiumbe au mkono huwa zito kuliko mahali pengine, kwa sababu mkono wenyewe umejaa bakteria, na hewa pia. Wakati mmoja watafiti waliwaotesha juu ya jelatini, ambayo huyeyuka katika joto la mwili na ambayo bakteria wengi huimeng'enya, mpaka Fanny Hesse, aliyekuwa akimsaidia mumewe Walther katika kazi za maabara, alipopendekeza agari, jeli itokanayo na mwani, mwaka 1881; na mwaka 1887 Julius Richard Petri akaeleza sahani yenye kifuniko ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Agari huyeyuka karibu na nyuzi joto 85 lakini haigandi mpaka ipoe hadi karibu nyuzi 40 au chini ya hapo, na pengo hilo ndilo linalotupa nafasi ya kuimimina ikiwa na joto la nyuzi 50 hivi, bila kuunguza na bila mabonge. Ikimiminwa ikiwa ya moto zaidi, mvuke hujikusanya kwenye kifuniko na kudondoka, na matone hayo husambaza bakteria juu ya sahani nzima. Kwa sababu hiyohiyo sahani hulazwa kifudifudi ndani ya inkubeta, yaani kabati la joto la kuoteshea bakteria.

Mchoro wa bakteria juu ya agari hufanywa kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa katika mwali mpaka kikawa chekundu chote, kisha kikaachwa kipoe. Wengi hawangoji. Kitanzi cha moto kikigusa agari hutoa mlio wa kuchacharika, huwaua bakteria waliotakiwa, na huweza kurusha vitone hewani. Kikishapoa, huchukua kiasi kidogo cha bakteria na kuwatandaza kwa mistari kwenye robo ya sahani, huchomwa tena, huvuta mistari michache kutoka robo hiyo kwenda ya pili, huchomwa tena, na kuendelea, mpaka katika robo ya mwisho seli zimetawanyika kiasi kwamba kila moja inakua na kuwa koloni, yaani kundi la bakteria linaloonekana kwa macho, peke yake. Kifuniko wakati wote hufunguliwa kidogo upande mmoja, na hakiwekwi mezani.

Uzuri wa mistari hiyo, ambao haukunijia mara moja, ni kwamba inasimulia. Koloni lililoota juu ya mstari lina haki ya kuhesabiwa; lililoota kando, mahali ambapo kitanzi hakikupita, limetoka hewani, au kidoleni, au kwenye pumzi ya mtu aliyekuwa akizungumza juu ya sahani. Mwanafunzi aliyechora mistari ya ovyo hawezi kusema lolote kuhusu kilichoota. Pamoja na sahani zao ninaweka nyingine mbili, moja isiyofunguliwa kabisa na nyingine iliyoachwa wazi mezani muda wote wa zoezi, na ninakataa kutazama sahani ya mtu yeyote kabla ya kutazama hizo. Kama isiyofunguliwa imeota kitu, agari yenyewe haikutakaswa vya kutosha katika otoklevu, chombo cha kutakasia kwa mvuke wenye shinikizo, yaani haikupata nyuzi joto 121 kwa dakika 15 kamili kwa ndani, na hakuna sahani ya siku hiyo inayoweza kuaminiwa, hata ile nzuri kuliko zote. Baada ya kutazamwa, zote hurudi katika otoklevu zikiwa zimefungwa, wala hazifunguliwi kwa udadisi.

Vipimo vya chakula vinaonekana rahisi kwa sababu vina rangi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Kitendanishi cha Benedict, yaani kemikali ya kupimia baadhi ya sukari, ni cha bluu tangu mwanzo, na kikipashwa moto pamoja na glukosi katika maji ya moto hupita kijani, njano na chungwa hadi wekundu wa tofali. Cha Biureti nacho ni cha bluu na hugeuka zambarau penye protini. Kila mwaka kuna daftari lililoandikwa "bluu, protini ipo", na mwandishi wake angeokolewa na neli moja tu ya maji matupu iliyowekwa kitendanishi kilekile, ikasimama kando ya yake. Mtego mwingine hauonywi sana: rangi ya bluu-nyeusi ya iodini na wanga hufifia mmumunyo unapokuwa wa moto na hurudi unapopoa. Mwanafunzi anayetoa neli katika maji yanayochemka na kutia iodini hapohapo anaweza kuapa kwamba wanga haupo. Sukrosi nayo haibadilishi rangi ya Benedict mpaka ichemshwe kwanza na asidi haidrokloriki iliyozimuliwa, kisha asidi hiyo iondolewe nguvu kwa sodiamu bikaboneti, kwa sababu kitendanishi hufanya kazi penye alkali. Aliyeiruka hatua hiyo hupata bluu na kuamini kwamba ameonyesha kutokuwepo kwa sukari. Katika kipimo cha jani, ambapo klorofili huondolewa kwa etanoli, hakuna mwali unaobaki ukiwaka chumbani, kwani etanoli huchemka karibu na nyuzi joto 78 na mvuke wake hushika moto. Neli yake hutumbukizwa katika maji yaliyochemshwa tayari. Hilo sijadiliani na mtu.

Spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa na mmumunyo, huwapumbaza wanafunzi kwa sababu hutoa namba, na namba huonekana haina mkono wa mtu ndani yake. Kumbe alama ya kidole kwenye uso wa kyuveti (kichupa cha kuwekea mmumunyo) unaopitisha mwanga inasomwa kama sehemu ya mmumunyo. Kyuveti hushikwa kwa pande zake zenye ukungu, hupanguswa, na mashine huwekwa sifuri kwa kyuveti yenye kila kitu isipokuwa kile kinachopimwa. Usomaji wa 1 maana yake ni kwamba asilimia 10 tu ya mwanga imepita, na wa 2 ni asilimia 1. Juu ya hapo ninawashauri wauzimue mmumunyo badala ya kuziamini tarakimu tatu za mwisho.

Daftari ndilo linalobeba haya yote, na ninataka liandikwe kwa kalamu ya wino, palepale mezani, makosa yakikatwa kwa mstari mmoja unaoacha maneno yasomeke. Niliona thamani yake katika zoezi la katalasi, kimeng'enya ambacho hupasua haidrojeni peroksaidi kuwa maji na oksijeni na kutoa povu jingi. Makundi yalitumia rojo la viazi, bichi katika neli moja na lililochemshwa katika nyingine. Siku hiyo hapakuwa na povu popote. Kundi moja, kwa kuharakisha, lilikuwa na neli ya rojo lililochemshwa peke yake, na likaandika kwa kujiamini kwamba joto limekiharibu kimeng'enya. Kundi jingine lilikuwa na neli zote mbili, likaona kwamba hata bichi haikutoa kitu, na kwa kuwa mmoja wao alikuwa amenakili kutoka kwenye lebo tarehe ambayo chupa ya peroksaidi ilifunguliwa, wakapendekeza kwamba tatizo ni chupa, kwa maana kemikali hiyo huvunjika polepole yenyewe, hasa ikipata mwanga na joto.

Tulifungua chupa mpya. Rojo lilelile bichi lilipanda povu hadi mdomoni mwa neli ndani ya sekunde chache, na lililochemshwa likabaki kimya. Kundi la kwanza lilinijia likidai alama zake, kwa hoja kwamba hitimisho lao limethibitishwa, na hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Niliwaonyesha ukurasa wao na kuwauliza wangeandika nini tofauti iwapo chupa ingekuwa na maji matupu. Walikaa na daftari lao kwa muda, wakakata sentensi ile kwa mstari mmoja, na wakaja kuomba rojo bichi ili waanze upya.